Gia Iliyopimwa kwa Mkono wa Dada

Nimezunguka sana katika maisha yangu. Nimelala Tunduru kwenye machimbo, nimeuza mitumba Songea, nimeendesha trekta la mtu Kilombero, na kila mahali nilipoanza kuzoea, miguu ilianza kuniwasha. Lakini msimu wa korosho ukifika, harufu ya mabibo yaliyoanguka na kuanza kuchacha hunijia puani hata mahali ambapo hakuna mkorosho. Hapo hufunga begi nikarudi Masasi, kwa dada yangu.

Msimu mmoja wa miaka hii ya karibuni nilifika nikakuta pikapu yao imeinuliwa uani juu ya magogo ya mkorosho, na miguu ya shemeji ikichungulia chini yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ni yule Mmakua mzururaji, au masikio yananidanganya?"

"Ni yeye."

"Basi weka begi uingie huku. Ninyi mmezoea kufukua panya, hapa chini utajiona uko kwenu."

"Angalau panya wetu wana maji ya kunywa," nikamjibu. "Ninyi mlikimbilia mlimani mkasahau kisima bondeni."

Akacheka mpaka spana ikamdondoka kifuani. Shemeji ni Mmakonde wa Chilangala, kule juu Newala. Sisi ni Wamakua wa Lulindi, tuliokulia kwenye kengele ya kanisa. Wamakua na Wamakonde ni watani, na mtu akiwa mtani wako na shemeji yako kwa pamoja, huna pa kujificha.

Nilijilaza nikaingia chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa akifanya kazi akiwa amefumba macho. Sikushangaa. Presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo kwa miaka, na sasa alibakiwa na mwanga na vivuli tu. Mtu alimtambua kwa sauti, nati aliitambua kwa kidole. Kuyafumba macho, alisema, kulimpunguzia usumbufu wa kujaribu kuona.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, ya zile ambazo mkono wa gia hauko sakafuni bali umechomoza kwenye shina la usukani kama tawi. Kutoka pale, fimbo mbili nyembamba za chuma, mafundi huziita rodi, hushuka pembeni mwa injini mpaka kwenye giaboksi. Moja huchagua mstari wa gia, nyingine huisukuma gia yenyewe. Viungo vya rodi vikilegea, unatafuta mbili unapata nne, au hupati kitu, unakoroga hewa kama mtu anayesonga ugali kwenye sufuria tupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Gari lile nalijua tangu ujana wangu. Shemeji alilinunua kwa korosho za shamba la ukoo wao Chilangala, mwaka ambao mikorosho ilizaa mpaka matawi yakagusa chini. Amepandishia maji Newala kutoka bondeni, amebeba salfa ya kupulizia mikorosho na magunia, amebeba kwaya, wagonjwa na maharusi. Wakati huo nilikuwa nikikaa nyuma juu ya mizigo, na sauti ya shemeji ikiimba ndani ilitufikia kupitia kioo kilichovunjika.

Sasa aliyekuwa akilihitaji zaidi ni dada yangu. Dada hununua mbaazi, choroko na makopa ya muhogo vijijini, huleta sokoni Masasi. Macho ya mumewe yalipozidi kufifia, alikwenda kusomea udereva mjini, mwanamke wa makamo katikati ya vijana wa bodaboda, akafaulu. Niliposikia nilicheka. Alinitolea leseni akaishikilia mbele ya pua yangu mpaka nikaacha.

Lakini gari lile lilikuwa na macho mengine yaliyolitazama. Kwetu kusini, Wamakua kama Wamakonde, mali ya mwanamume hutazamwa na upande wa dada yake. Watoto wa dada ndio hushika vitu vya mjomba wao. Siku hizi mambo hayo yamelegea, wapo wanaoandika wosia na wapo wanaokwenda mahakamani. Ila kwa gari lililozaliwa na korosho za ukoo, neno la dada mkubwa bado ni zito. Na shemeji alikuwa na dada mkubwa, mjane mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumsikia akirudia jambo. Alikuwa ameleta ujumbe: kama mwenye gari haoni tena, gari lirudi Chilangala, wapwa waliendeshe.

Shemeji hakugomba. Alimpigia simu akamwambia, "Dada, gari litakuja Jumamosi. Likifika uani kwako likiendeshwa na mke wangu toka Masasi, bila kuvutwa na bila dereva wa kukodi, mwachieni afanyie kazi. Likishindwa, mtachukua ufunguo."

"Sawa," dada yake akajibu, akakata simu.

Bila pikapu, dada yangu angebaki kuwasubiri madalali sokoni na kununua kwao. Vijiji vyake vyote, wanawake wote waliozoea kusikia honi yake, vingekwisha. Hakulisema hilo. Alilisema kwa namna alivyokuwa akitupikia: kila baada ya muda alitoka jikoni, akasimama karibu na gurudumu, akauliza, "Bado?"

"Bado," shemeji akajibu. "Leta sufuria yenye maji ya moto."

"Ya nini?"

"Usiulize."

Alileta. Shemeji alikuwa amekata vipande vya bomba la plastiki la maji, akavitumbukiza humo vilainike. Bushi za zamani, vile vipete vinavyokaa kwenye viungo vya rodi ili chuma kisicheze ndani ya chuma, zilikuwa zimesagika zikawa unga.

"Sufuria yangu ya maharage!" dada akapiga kelele.

"Maharage hayapandi mlima," shemeji akasema, akavichomoa vipande kwa bisibisi na kuvipachika vingali laini. Vilipopoa vilishika kama vimezaliwa pale.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimelijua, mimi niliyejidai dereva. Chini ya usukani kuna vikono viwili vyenye matundu. Gia ikiwa fri, haijaingia popote, matundu hutazamana. Unapitisha msumari, vikono vinafungamana. Unalegeza nati za rodi, unahakikisha giaboksi nayo iko fri, unakaza, unachomoa msumari. Basi. Alifanya yote kwa ncha za vidole. Tochi niliwasha kwa ajili yangu mwenyewe.

"Ingia ujaribu," akamwambia mkewe.

Dada akapanda. Shemeji akasimama mlangoni, kichwa ameinamisha. Dada akakanyaga klachi, akavuta moja, akasukuma mbili juu, akashusha tatu.

"Umeinuka," shemeji akasema.

"Sijainuka."

"Kiti kimelia."

Dada akajishusha kitini. "Nimeinuka kidogo."

"Kidogo hicho uani ni kikubwa mlimani. Ukiwa kwenye kona utainuka na nani akushikie usukani?"

Ni kweli. Dada ni mfupi, mikono yake mifupi, na ili kuifikisha gia ya pili, ambayo huingia kwa kupandisha mkono juu, ilimbidi abandue makalio kwenye kiti. Nilidhani shemeji atamwambia azoee, au aweke mto. Mimi ningemwambia hivyo. Yeye alizunguka, akaketi upande wa abiria, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mkewe kwenye mkono wa gia.

"Sukuma juu. Polepole. Kiwiko kikinyooka, simama."

Dada akasukuma, akasimama.

"Hapo ndipo mkono wako unapoishia," akasema. "Basi mbili itakaa chini ya hapo."

"Na yale matundu?" nikauliza. "Si ndiyo kipimo?"

"Matundu yalitobolewa na mtu aliyempimia dereva nisiyemjua. Mimi yalinifaa kwa bahati, nina mikono mirefu kama ngedere. Huyu hakupimiwa na mtu."

Akarudi chini. Akageuza kichwa cha rodi, akatoka, akashika tena mkono wa dada, akarudi. Mchana wote ulikwenda hivyo. Kila alipogeuza nati alikuwa akijitoa yeye ndani ya gari na kumwingiza mkewe, na hakuonyesha kwamba inamuuma. Nimekutana na wanaume wengi njiani, wenye nguvu na wenye maneno. Wachache nimewaona wakifanya kazi kama ile wakiwa wanapiga mluzi.

"Nikimaliza," akasema toka chini, "sitaweza tena kuliendesha. Goti langu litagonga."

"Kwani ulikuwa unaweza?" dada akamuuliza.

Wote wawili wakaangua kicheko, yeye chini, mkewe juu, na pikapu ikatikisika juu ya magogo yake.

Jumamosi asubuhi tuliondoka. Dada kwenye usukani, mimi katikati nimebana magoti yasiguse gia, shemeji dirishani. Nyuma kulikuwa na madumu matupu ya maji, kwa kuwa hakuna anayepanda Newala na gari bila madumu akaeleweka. Tulipita chini ya mawe makubwa ya Masasi, yale yanayong'aa alfajiri kama migongo ya tembo waliooga, tukashika njia ya Lulindi. Dada alikuwa akiendesha kama alivyofundishwa: mgongo wima, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele. Gia ziliingia bila kelele. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kando ya njia alitutazama akapaza sauti, "Leo mama ndiye anamwendesha mzee!"

"Na mzee amelipa nauli!" shemeji akajibu kupitia dirisha.

Nilikuwa na furaha ambayo huipata njiani tu. Mikorosho ilikuwa imejaa nyekundu na njano, wanawake wakiokota chini yake, na kila kijiji kilinikumbusha mtu. Nilitaka tusifike. Dada hakutazama pembeni hata mara moja.

Kisha mlima ukaanza. Mwenye kuijua njia ile anajua jinsi uwanda wa Newala unavyosimama mbele yako kama ukuta, na barabara ikianza kujikunja. Dada alishusha gia. Mbili iliingia vizuri, injini ikapiga sauti nzito, tukaanza kupanda. Kabla ya kona ya kwanza, mkono wa gia ukaruka kama umeumwa na siafu. Injini ikapiga kelele tupu, gari likaishiwa nguvu, likaanza kurudi nyuma.

Dada akakanyaga breki, akavuta ya mkono. Niliruka nje nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Wote tulikuwa tunahema, ingawa gari ndilo lililokuwa likipanda.

"Gia imechomoka," dada akasema.

"Hujaifikisha," shemeji akasema.

"Nimeifikisha mpaka mwisho."

"Rudia."

Akarudia. Tukasogea, ikachomoka. Tena. Ikachomoka. Jasho lilikuwa likimtoka shemeji kwenye mashavu, na kwa mara ya kwanza toka nifike alikuwa amefumbua macho, akiyakodoa kwenye kitu asichokiona.

"Gari hili," akasema, "katika maisha yake halijawahi kuchomoa mbili mlima huu. Kamwe."

Nyuma yetu lori la kokoto lilipanda likasimama. Dereva akatoa kichwa. "Vipi, wazee? Nina mnyororo. Niwavute mpaka juu?"

Shemeji aligeuza uso upande wa mkewe. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kuufunga ule mnyororo.

"Asante, kaka," dada akajibu. "Tumekubaliana hatuvutwi."

"Mmekubaliana na nani? Hapa tupo sisi tu. Tukifika juu nafungua, nani atajua?"

"Wewe humjui wifi yangu," dada akamwambia.

Yule dereva akacheka, akatutakia heri, akapita taratibu akituachia vumbi. Dada alikaa akiutazama mkono wa gia. Alikaa hivyo kwa muda, kama anavyoitazama mizani ya mtu asiyemwamini. Kisha akasema, "Nikikanyaga mafuta, huu mkono unatembea. Nikiachia, unatulia. Hauruki tu. Unatembea kwanza, halafu ndiyo unachomoka."

"Haiwezekani utembee," shemeji akasema. "Nimefunga mwenyewe."

"Baba watoto, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Ulipokuwa ukipanda hapa na maji. Ulikuwa wapi?"

Nikamwona. Nikamwona kupitia kile kioo kilichovunjika, kijana mwenye shingo ndefu, anaimba, mkono wa kulia kwenye usukani na wa kushoto umelala juu ya gia, toka chini ya mlima mpaka juu. Siku zote nilifikiri ni maringo.

"Ulikuwa hapa," nikasema, nikapiga gia kwa kidole. "Hukuutoa hata ukiimba."

Shemeji alifungua mlango, akapapasa ubavu wa gari mpaka mbele, akainua boneti. Aliniambia niongeze mawe, mbele na nyuma, nikaongeza. Kisha akaweka vidole viwili juu ya rodi, mahali inapopita karibu na injini.

"Mama watoto! Breki ya mkono ishike. Tia mbili. Achia klachi nusu, kama unataka kuondoka, lakini usiondoke."

Injini ikaguna. Nikaona kwa macho yangu: injini nzima ikainama upande mmoja, kama mtu anayebeba gunia begani. Mipira iliyoibeba ilikuwa imechoka. Uani, juu ya magogo, injini haikuwa na mzigo, ikakaa wima kama mtoto kanisani. Mlimani ilikuwa ikiinama, na ikiinama inaivuta rodi, na rodi inaivuta gia itoke.

"Achia," shemeji akasema. Injini ikarudi wima. "Tena." Ikainama.

Alitoa vidole, akavifuta kwenye suruali. Akaanza kucheka, kwanza kimya kimya mabega yakitikisika, kisha kwa sauti iliyorudi toka upande wa pili wa bonde.

"Kumbe miaka yote bushi nilikuwa mimi!" akasema. "Naringia gari, kumbe mkono wangu ndio ulioishikilia gia. Nimelisifu mbele ya watu, nimeapa!"

Nimewahi kuona mafundi wakitupa spana kwa kitu kidogo kuliko hicho. Huyu alicheka mpaka akajifuta machozi, na mkewe akashuka akaja kusimama naye kwenye boneti, na wakaanza kujadiliana kama watu wanaonunua mbaazi.

"Nishike na mimi kwa mkono?" dada akauliza.

"Hapana. Kona zinakuja. Ushike usukani."

"Basi irefushe."

"Nikiivuta rodi ili mbili iingie ndani zaidi, injini ikiinama bado itabaki na mahali pa kushika. Lakini moja itapungua. Itakuwa nzito, itakukwaruza."

Dada hakufikiri sana. "Moja naitumia kuondoka tu. Mlimani naishi kwenye mbili. Moja na isumbue."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia hukumu ya haki. Alilegeza nati, akageuza kichwa cha rodi kidogo, dada akaingia akajaribu, akasema bado, shemeji akageuza tena. Safari hii hakushika mkono wake. Alimuuliza tu, "Hapo?" na dada akajibu, na jibu lake ndilo lililokuwa kipimo. Akakaza nati kwa nguvu zake zote. Tukafunga boneti.

Moja ilikwaruza kweli, meno yakatuingia baridi sote watatu. Kisha tukaondoka. Dada akapandisha mbili. Nikaukodolea macho mkono wa gia: ukatembea, ukatembea, ukafika mahali ukasimama. Ukabaki hapo. Kona ya kwanza, ya pili, bonde likaanza kushuka chini yetu, Masasi ikawa moshi na mawe madogo kwa mbali. Shemeji alikuwa ameficha mikono yote miwili katikati ya mapaja, kama anayeogopa wa kushoto utaondoka bila ruhusa. Kisha upepo wa juu ukatupiga usoni.

"Tumefika juu?" shemeji akauliza, ingawa alijua kutuzidi.

"Tumefika," dada akasema, na hapo ndipo alipovuta pumzi.

Chilangala walikuwa wakitusubiri. Wapwa watatu wa shemeji, wanaume wazima, walisimama chini ya mkorosho wa uani, na dada yake mkubwa alikaa kwenye kigoda akibangua korosho, majivu ya kuzuia mafuta ya maganda yamemjaa mikononi. Dada yangu aliingiza pikapu uani, akaizima, akashuka, akapiga goti.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umeendesha wewe?"

"Mimi, wifi."

"Toka Masasi?"

"Toka Masasi."

"Mlisimama?"

"Tulisimama mlimani. Gia ilikuwa inachomoka, tukaifunga upya. Kuna lori lilitaka kutuvuta, tukakataa."

Mama yule akatazama mikono yake, akaendelea kubangua. Mpwa mkubwa, mrefu kama mjomba wake, hakuwa na subira. "Mjomba, nipe nilijaribu. Gari lenyewe linahitaji mwanaume, si unaona linavyohema?"

"Ufunguo uko kwenye gari," shemeji akasema, kwa upole ambao mimi, mtani wake, niliutilia shaka.

Kijana akapanda. Kuvuta moja, goti lake likagonga mkono wa gia. Akasogeza goti, akavuta, gia ikalia kama ng'ombe. Akajaribu tena, akapata tatu, akaachia klachi, pikapu ikaruka mara moja ikazimika, kuku wakatawanyika. Wenzake wakacheka. Akajaribu kuikunja miguu, akagonga honi kwa kiwiko.

"Linahitaji mwanaume," mdogo wake akamwambia, "lakini mfupi!"

"Shuka," mama yao akasema. Hakupaza sauti. Alishuka.

Yule mama akainuka, akakung'uta majivu, akaenda nyuma ya gari akahesabu madumu kwa kuyagonga na kidole. Kisha akafungua mlango wa abiria mwenyewe, akaketi, akavuta kanga magotini.

"Wifi, twende bondeni," akasema. "Kushuka kila mtu anaweza. Nataka nione linavyopanda na maji."

Dada yangu alinitazama. Akaingia. Moja ikakwaruza, wakaondoka wawili hao, na vumbi jekundu likatulia uani polepole.

Tulibaki wanaume. Wapwa walimletea mjomba wao kiti, wakamletea na muhogo wa kuchoma, lakini hakuugusa. Aligeuza sikio upande wa bonde. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, kuku tu na mtu aliyekuwa akipasua kuni jirani. Kisha ikaja, mbali sana, sauti ya injini yenye mzigo. Nilimwona shemeji akinyanyua mkono wa kushoto, akaushika hewani, vidole vimekunjwa, akausukuma juu kidogo.

"Mbili," akasema.

Sauti ikapanda. Ikafifia nyuma ya kona, ikarudi kubwa zaidi. Hakuna aliyetafuna. Hata mpwa mkubwa alikuwa amesimama, mdomo wazi. Shemeji alishusha mkono taratibu akauweka gotini, akauacha hapo, na injini ikaendelea kupanda bila yeye.

Pikapu ikatokea kati ya mikorosho, imeinama nyuma kwa uzito wa maji. Dada akaizima. Jasho lilimlowesha mgongo wote. Wifi yake alishuka kwanza, akaamuru madumu yateremshwe, akasimama akiangalia mpaka la mwisho.

"Mama," mpwa mkubwa akauliza, "sasa ufunguo ubaki kwa nani?"

"Ufunguo gani?" mama yake akasema. "Wewe hata moja hujaiona."

Akamgeukia dada yangu. "Jumamosi ijayo, wifi, uje mapema kabla jua halijawa kali. Mbaazi zangu nimekwisha kuzianika, na majirani wanazo. Na huyo nduguyo mzururaji akiwapo, aje abebe magunia."